Sharti Lisilo na Mahali pa Kulitimizia

Nina ugomvi na neno moja dogo lililojaa katika kila tangazo la nafasi za masomo ya afya. Neno lenyewe ni "awe". Mwombaji awe na ufaulu wa Kemia. Awe na Baiolojia. Awe na Fizikia. Neno hili halina kosa la sarufi, wala silipingi kwa sababu ya uvivu wa kusoma, maana maisha yangu yote nimeyamaliza katika kuwafundisha watu kusoma na kuwafundisha wengine kufundisha. Ninachosema ni kwamba anayeandika "awe" ana deni la kujibu swali la pili: awe vipi, na aende wapi ili awe? Sharti ambalo mtu hana mahali pa kwenda kulitimiza si sharti tena. Ni marufuku iliyovaa kanzu ya sharti.

Nitachukua fani moja tu, tiba kwa vitendo, kwa sababu hapo jambo hili linaonekana waziwazi. Wengi huichanganya na tiba ya viungo, ambayo wengine huiita fiziotherapia. Hizi ni ndugu, lakini si mtu mmoja. Mtaalamu wa tiba ya viungo atahangaika na mguu mpaka uweze kukanyaga. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo atakuuliza: mguu huo ukikanyaga, unataka uende wapi na ufanye nini? Yeye ndiye humfundisha aliyepigwa na kiharusi kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, humfundisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kushika kijiko, humtazama mama aliyepooza upande mmoja na kutafuta njia atakayoweza kuingia chooni bila kubebwa na mwanawe wa kiume. Ni tiba ya heshima ya mtu ndani ya nyumba yake.

Tena haja yake si ndogo. Utafiti wa kiharusi uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006, ukilinganisha wilaya ya Hai na jiji la Dar es Salaam, ulionyesha kwamba baada ya kusawazisha umri, kiwango cha watu wanaopatwa na kiharusi hapa jijini kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha Hai. Ukitembea Mbagala, Tandika, Yombo au Manzese, huna haja ya kusoma jarida la madaktari. Katika mitaa mingi utaoneshwa nyumba yenye mtu aliyekaa kwenye mkeka, mkono mmoja umekunjamana kifuani, akisubiri wengine warudi kazini ili anyweshwe maji.

Sasa ni nani anayeruhusiwa kwenda kujifunza kazi hii? Mafunzo yake yamefundishwa KCMC, Moshi, kwa muda mrefu. Kwa ngazi ya stashahada, mwombaji anatakiwa awe amefaulu masomo manne ya kidato cha nne, bila kuhesabu ya dini, na miongoni mwake ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Anayetaka shahada moja kwa moja hutakiwa ufaulu kamili wa masomo ya sayansi ya kidato cha sita. Kwa juujuu, masharti haya ni ya haki. Ni nani atakubali mwili wake ushikwe na mtu asiyejua neva imepita wapi?

Lakini hebu tuyaangalie yalivyo. Katika mtaala uliokuwepo kabla ya mabadiliko yaliyoanza Januari 2024, Baiolojia ilikuwa lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari, ila Fizikia na Kemia aliweza kuziacha alipoingia kidato cha tatu. Mtoto wa miaka kumi na mitano aliulizwa kama anataka kuendelea na Fizikia. Katika shule yenye mwalimu wa Fizikia, hilo lilikuwa swali. Katika shule isiyo na mwalimu wa Fizikia, lilikuwa jibu. Shule za kata zilianza kutapakaa kwa kasi kutokana na mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa 2004 hadi 2009. Nilifurahi kuziona, na mpaka leo namtetea aliyezijenga, kwa sababu mtoto wa fundi baiskeli alipata dawati. Ila majengo yalitangulia, walimu wa sayansi wakafuata nyuma kwa mwendo wa kobe, na maabara zikaja nyuma zaidi. Msomaji atakumbuka jinsi mwaka 2014 nchi nzima ilivyohangaika na michango ya maabara, miaka kumi baada ya mpango kuanza. Waliosoma kabla ya hapo walisomea wapi majaribio? Walisomea ubaoni, kwa chaki.

Isitoshe, kipimo chenyewe hakikutulia. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba zaidi ya watahiniwa 240,000 kati ya karibu 397,000 walipata sifuri. Serikali ikaunda tume, alama zikapangwa upya, na watu waliolala wameshindwa wakaamka wamefaulu. Mwaka 2014 tukaletewa GPA, na mapema 2016 ikaondolewa, divisheni zikarudi. Silaumu juhudi za kurekebisha. Nauliza tu: kama taifa zima liliruhusiwa kurisiti kipimo chake, kwa nini raia mmoja asipewe nafasi ya kuridhisha ya kurisiti somo lake?

Nimjue mmoja, inatosha. Ni binti wa jirani yangu huku Mbagala, simtaji jina. Alimaliza kidato cha nne mwaka huo huo wa 2012. Baiolojia anayo, Kiswahili anacho kizuri, Fizikia na Kemia hakuzifanya kwa sababu shuleni kwao aliyezifundisha alihama walipokuwa kidato cha pili na hakuja mwingine. Leo ni mama wa watoto wawili na anajipatia riziki kwa kutunza wagonjwa majumbani. Nimemwona kwa macho yangu akimrudishia bibi mmoja aliyepooza uwezo wa kukuna nazi. Aliifunga mbuzi kwenye kigogo kizito isiteleze, akaiinua ili goti la bibi lisikunjwe mno, akamkalisha ameegemea ukuta upande wa mkono dhaifu, kisha akamwekea kifuu katika mkono mzima. Siku ya kwanza bibi alikuna vijiko viwili. Baada ya miezi michache alikuwa anapika mwenyewe tui la mchana, na kugombana na wajukuu kama zamani.

Binti huyu alipoomba chuo alijibiwa kwa sentensi moja: hana sifa. Akaja kwangu, akaniamkia, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mwalimu, nimeambiwa nikalete Fizikia na Kemia. Hivyo vitu vinauzwa wapi?"

Nilicheka, kisha kicheko kikaisha. Kwa sababu ni swali la kweli, na ninalirudisha kwa wanaohusika. Vinauzwa wapi?

Vinauzwa uchochoroni. Tumeliachia jukumu la kurekebisha elimu ya watu wazima kwa vituo vya tuisheni. Nimevitembelea kadhaa, Temeke na Kinondoni, kwa sababu nilitaka kumtafutia kilicho bora. Sitavitukana. Walimu wengi niliowakuta ni vijana wenye bidii, baadhi wahitimu wa ualimu wasio na ajira, wanaofundisha watu themanini ndani ya chumba chenye paa la bati na feni moja. Lakini kinachofundishwa mle si Kemia, ni mitihani ya Kemia ya miaka iliyopita. Bureti huchorwa ubaoni, wanafunzi wakaichora madaftarini, na mwalimu akawaambia rangi itakayotokea. Binti yule alisoma humo mwaka mzima, jioni baada ya kuwageuza wagonjwa vitandani, na hakuwahi kuishika bureti hata mara moja. Akajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kemia alipata D. Fizikia alipata F. Mwaka unaofuata atajaribu tena, akipata nauli na ada.

Kwa kuwa sisi hupenda kuambiwa habari za Marekani, na tuzisikie basi. Huko tiba kwa vitendo husomwa katika ngazi ya uzamili au ya udaktari wa taaluma, kwa hiyo kizingiti chao kiko juu kuliko chetu. Mwombaji hutakiwa awe amesoma masomo ya awali: anatomia na fiziolojia kwa sehemu mbili, takwimu, saikolojia ya ukuaji wa binadamu, saikolojia ya maradhi ya akili, na mara nyingi sosholojia. Lakini tazama tofauti. Aliyekosa somo mojawapo haambiwi arudi utotoni. Anakwenda katika chuo cha jamii cha mtaani kwake, chuo cha umma chenye ada nafuu kuliko chuo kikuu, anajiandikisha kwa somo lile moja alilolikosa, anasoma jioni, anaingia maabara, anafanya mtihani, anapewa alama, na vyuo vingi vya tiba kwa vitendo vinaitambua alama hiyo. Chuo cha umma cha namna hiyo chenye umri mkubwa kuliko vyote kilianzishwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Muuguzi, dereva, mama aliyelea watoto hadi wakakua, wote hupita mlango huo. Hawakushusha kizingiti chao. Wamekiwekea ngazi.

Na kuna jambo jingine katika orodha yao. Masomo yale yanafanana na kazi yenyewe: mwili, akili, ukuaji wa mtu, na jamii anamoishi. Vyuo vyao vingi havidai kabisa Kemia kwa fani hii. Sisi tunaidai, kisha hatuulizi neno juu ya saikolojia. Natambua faida ya Fizikia: mkono ni wenzo, kiko cha mkono ni egemeo, na anayesukuma kiti cha magurudumu katika mchanga wa Mbagala anapambana na msuguano. Lakini naona orodha yetu imechukuliwa kutoka katika mlango wa udaktari na kubandikwa kwenye milango yote ya afya bila mtu kukaa chini na kujiuliza kazi hii hasa inadai nini.

Historia ya fani yenyewe inatucheka. Machi 1917, huko Clifton Springs katika jimbo la New York, watu sita walikutana na kuanzisha chama cha kwanza cha tiba kwa vitendo Marekani. Aliyewaita, George Barton, alikuwa msanifu majengo aliyewahi kupooza upande wa kushoto na kujirudishia uwezo kwa kufanya kazi za mikono. Miongoni mwao alikuwemo daktari wa magonjwa ya akili, William Rush Dunton, na Eleanor Clarke Slagle aliyetoka katika shughuli za ustawi wa jamii. Alikuwemo pia mwalimu wa sanaa na ufundi wa mikono, na katibu wa ofisi. Tukiwapitisha wote sita katika masharti yetu ya leo, sidhani kama wengi wangevuka mlango.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kujifunza. Nchi hii iliwahi kulifikiria jambo hili kwa ujasiri. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba kijana asitoke kidato cha sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja, bali apitie kazini kwanza, na likawafungulia njia wafanyakazi watu wazima. Azimio lilikuwa na kasoro zake, na miaka michache baadaye lililegezwa. Hata hivyo lilikubali ukweli ambao leo tunauona haya: kwamba mtu hujifunza baada ya kutoka shuleni, na kwamba alichojifunza kina thamani.

Tuliazima pia kutoka Sweden, mwaka 1975, wazo la vyuo vya maendeleo ya wananchi. Kibaha wanacho kimoja hadi leo. Tulichukua majengo, mabweni, cherehani na useremala. Tukaacha kitu kimoja muhimu: kule Sweden, mtu mzima ambaye hakumaliza sekondari huweza kuingia katika chuo cha wananchi, akasoma kozi ya masomo ya jumla, na akatoka na sifa ya kuomba chuo kikuu. Ni sawa na kuazima mtumbwi ukasahau kasia.

Najua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza ni ya viwango. Nitaambiwa nataka kuwapenyeza walioshindwa. La hasha. Nimeshuhudia kinachotokea kizingiti kinaposhushwa. Azimio lile lile la Musoma lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na kwa kuwa walimu hawakuwepo, wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wanafundisha, kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa wasimamizi wachache. Niliwajua wengi wao. Walikuwa watu wa kujitolea kuliko wasomi wengi wa leo. Lakini nchi iliwapa darasa kabla ya kuwapa masomo, na watoto na walimu wenyewe wakalipa gharama. Ndiyo maana sidai binti yule apokelewe bila Fizikia. Nadai afundishwe Fizikia. Anayeshindwa kutofautisha mambo haya mawili ndiye hajui maana ya kiwango.

Hoja ya pili ni kwamba nafasi zipo tayari. Chuo Kikuu Huria, pale pale Kinondoni, kina kozi ya msingi kwa waliokosa sifa. Ni kweli, na nakipongeza chuo hicho kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Lakini kozi ile imekusudiwa mtu aliyefika kidato cha sita au aliyekwisha pata stashahada. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo imefanya kazi kubwa, hasa kwa wasichana waliokatishwa masomo, tangu serikali ilipowaruhusu warudi shule mwishoni mwa mwaka 2021. VETA huwarasimishia ujuzi mafundi waliojifunza mitaani. Kila mmoja ameshika kipande chake. Binti wa Mbagala mwenye cheti cha kidato cha nne kisicho na Fizikia amedondokea katikati ya vipande hivyo.

Hoja ya tatu ni ya fedha. Hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama tumekwisha kuilipa. Nenda Chang'ombe, ndani ya Temeke. Pale palipokuwa chuo cha ualimu pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kinachoandaa walimu wa sayansi. Jirani pana chuo cha VETA. Kijitonyama ipo Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, penye watu wanaoijua jamii na matatizo yake. Kinondoni kuna Chuo Kikuu Huria, penye uzoefu wa kufundisha watu wenye kazi na familia. Shule za sekondari sasa nyingi zina maabara, na maabara ya shule hufungwa jioni kama duka la mtu aliyefiwa. Walimu wa sayansi wanaosubiri ajira wapo. Wastaafu tupo, tunacheza bao. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba haya yote ni chuo kimoja.

Napendekeza mambo manne tu. Kwanza, katika kila wilaya ya jiji hili iteuliwe maabara moja ya umma ibaki wazi jioni na Jumamosi kwa watu wazima wanaofidia somo moja moja, kwa ada ambayo mama ntilie anaweza kuilipa kidogo kidogo. Pili, alama ya somo hilo, likisimamiwa na kupimwa ipasavyo, itambuliwe na kila chuo cha afya nchini, ili mtu asilazimike kujisajili kama mgeni katika mtihani wa watoto. Tatu, vyuo vinavyofundisha tiba kwa vitendo vikae na kuandika upya orodha ya masharti kwa kuangalia kazi yenyewe, saikolojia iingie, na kila sharti liandikiwe sababu. Nne, muda ambao mwombaji amewahudumia wagonjwa, ukithibitishwa, uhesabiwe. Usihesabiwe badala ya masomo, uhesabiwe pamoja nayo. Vyuo vya Marekani vingi humtaka mwombaji akae kwa saa kadhaa akimtazama mtaalamu kazini. Sisi tunaye aliyefanya kazi yenyewe kwa miaka, tukamwambia hana sifa.

Hayo si mageuzi makubwa. Hayahitaji azimio wala mbio za mwenge. Yanahitaji mwenye ufunguo wa maabara aambiwe asifunge saa tisa alasiri.

Na mpaka hapo yatakapofanyika, naomba jambo moja dogo zaidi kwa wanaoandika matangazo ya vyuo. Mnapoandika "awe na Fizikia", ongezeni mstari mmoja chini yake, mtaje jina la mahali, mtaa na saa, ambapo mtu mzima asiyekuwa nayo atakwenda kuipata. Mkishindwa kuujaza mstari huo, mtakuwa mmekwisha lijibu swali la yule binti.